Taa ya Dainamo na Elektroni Zinazotambaa

Baiskeli ya baba ilikuwa na dainamo ndogo yenye umbo la chupa, iliyofungwa kwenye uma wa mbele, na kila jioni giza lilipoanza kuingia aliisukuma kwa kidole gumba hadi kigurudumu chake kikaegemea tairi, kisha akaendelea kukanyaga. Taa ilitii miguu yake. Kwenye mteremko ilimulika hadi vichaka vya kando ya njia. Kwenye mchanga ilififia ikabaki nyekundu kama kaa la moto. Na tukisimama kusalimiana na mtu, giza lilitufunika papo hapo. Nilikuwa darasa la sita dainamo hiyo ilipoharibika. Baba akanipa, nami nikaifungua kwa bisibisi juu ya mkeka, nikakuta ndani yake kipande cheusi cha sumaku chenye umbo la silinda, kilichoshikana na kile kigurudumu cha nje kwa ekseli moja, na pembeni yake waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi mno. Niliizungusha sumaku kwa vidole huku nikiinamia kutazama. Haikugusa waya mahali popote. Kati ya vitu hivyo viwili palikuwa na upenyo mwembamba wa hewa tupu.

"Baba, sasa umeme unapita wapi?" nilimuuliza.

"Mwanangu, hilo kawaulize walimu wako," alinijibu. "Nawe ukishajibiwa, uje unieleze."

Jibu lilinifikia vipande vipande, kwa miaka mingi. Sekondari nilifundishwa kwamba Michael Faraday, mwaka 1831, aligundua kuwa uga wa sumaku (eneo ambamo nguvu ya sumaku hufanya kazi) unaobadilika ndani ya koili, yaani waya uliozungushwa, huzalisha umeme, na nikaikariri kanuni hiyo kama ilivyokuwa ubaoni. Kidato cha sita nilijua kukokotoa volti zake. Chuo kikuu, mwaka wa pili, nilisoma kozi ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa sumakuumeme na wiki zake za mwisho zilikuwa utangulizi wa nadharia ya uhusianifu, ile inayoeleza jinsi vipimo vya muda na urefu vinavyotegemea mwendo wa anayepima. Wiki hizo za mwisho zilipita kwa haraka, kwa kuwa mitihani ilikuwa imekaribia: tulisoma kuhusu roketi zinazokwenda kwa nusu ya kasi ya mwanga, kuhusu pacha anayesafiri angani na kurudi akiwa kijana kuliko ndugu yake, tukafanya maswali matano au sita, tukafunga madaftari. Nilifaulu mtihani nikiamini kwamba nilikuwa nimesoma masomo mawili tofauti yaliyotiwa kapu moja kwa sababu ratiba haikuwa na nafasi. Ilinichukua muda mrefu baadaye, nikirudia maandishi yangu bila shinikizo la mtihani, kuona kwamba lilikuwa somo moja, na kwamba uhusianifu haukuanzia kwenye roketi bali kwenye kifaa cha aina ileile niliyoifungua juu ya mkeka.

Hilo si maoni yangu tu. Makala ya Albert Einstein iliyoianzisha nadharia hiyo, iliyopokelewa na jarida la Kijerumani la fizikia mwishoni mwa Juni 1905 wakati mwandishi wake akiwa na umri wa miaka 26 na akifanya kazi katika ofisi ya hataza (haki za uvumbuzi) mjini Bern, Uswisi, haina neno uhusianifu katika kichwa chake. Kichwa chake kinazungumzia elektrodinamiki ya vitu vilivyo katika mwendo, na aya yake ya kwanza kabisa inahusu sumaku na kipande cha waya.

Tulilifanya jaribio hilo maabara, bila mtu yeyote kutuambia kwamba lina historia hiyo. Mezani palikuwa na koili, galvanomita (kifaa cha kuonyesha mkondo mdogo wa umeme) na mche wa sumaku. Niliishika sumaku nikaiingiza ndani ya koili kwa mkono uliotulia, na sindano ya galvanomita ikaruka upande mmoja, ikasita, kisha ikarudi sifuri mara tu mkono wangu uliposimama. Halafu mwenzangu akaishika sumaku imara bila kuitikisa, nami nikaisogeza koili kuielekea kwa kasi ileile kadiri nilivyoweza. Sindano iliruka upande uleule, kwa kiasi kilekile. Tukaandika kwenye ripoti kwamba hakuna tofauti, msimamizi akatia saini, tukaenda kula.

Lakini tofauti ilikuwepo, nayo ilikuwa ndani ya vitabu. Sumaku inaposogea na koili imetulia, maelezo ni kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzaa uga wa umeme, na uga huo wa umeme ndio unaozisukuma elektroni, zile chembe ndogo mno zenye chaji hasi, za ndani ya shaba. Koili inaposogea na sumaku imetulia, maelezo yanageuka kabisa: hakuna uga wa umeme hata chembe, ila kila elektroni, kwa kuwa inabebwa na waya kupita ndani ya uga wa sumaku, inapata kani ya kuisukuma pembeni. Sababu mbili zisizofanana, zinazotoa mkondo uleule hadi tarakimu ya mwisho. Mamilioni ya wanafunzi wamekokotoa maswali ya aina zote mbili bila kushtuka, nami nikiwa mmoja wao. Einstein alishtuka. Aliona kwamba asili haiwezi kuwa na sababu mbili kwa tukio moja eti kwa kuwa mtu mmoja amesema sumaku ndiyo iliyosogea na mwingine amesema ni koili. (Dainamo ya baiskeli, ambayo sumaku yake huzunguka badala ya kwenda moja kwa moja, inaleta ugumu wa ziada, kwa hiyo ni afadhali msomaji aifikirie sumaku inayosogea katika mstari ulionyooka.)

Swali la pili, ambalo ni pacha wa hilo, lilitujia usiku kwenye vimbweta. Tulifundishwa kwa Kiingereza lakini tulielewa kwa Kiswahili, na nadhani kila aliyesoma sayansi nchini kwetu analijua jambo hilo: mhadhara ulikuwa wa kunakili, na maana ilitafutwa usiku, sita au saba tukiwa tumezunguka meza ya zege, mmoja akieleza na wengine wakimkatiza. Usiku huo tulikuwa tunarudia kazi ya James Clerk Maxwell. Kuna namba mbili ambazo hupimwa mezani: moja inahusu nguvu ya chaji zilizotulia, na hupatikana kwa kutumia kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji), nyingine inahusu nguvu ya sumaku inayotokana na mikondo, na hupatikana kwa kutumia nyaya. Wala moja haina habari na mwanga. Maxwell alionyesha kwamba ukizizidisha, ukatafuta kipeuo cha pili cha zao hilo na kugawa moja kwa jibu unalopata, unapata kasi ya wimbi la umeme na sumaku. Tulikokotoa kwa kikokotoo cha mkononi: 8.854 × 10⁻¹² mara 1.257 × 10⁻⁶, kipeuo cha pili, moja gawanya. Kikaandika 2.998 × 10⁸. Mita karibu milioni 300 kwa sekunde, kasi ya mwanga, ambayo Mfaransa Hippolyte Fizeau alikuwa ameikadiria kwa gurudumu lenye meno mwaka 1849 bila kugusa waya wala kapasita. Mwanga ni wimbi la umeme na sumaku. Nililijua jambo hilo tangu kidato cha sita, lakini kuliona likitoka kwenye kikokotoo kilichokuwa mkononi mwangu kulinifanya niache kalamu kwa muda.

Ndipo mwenzetu mmoja, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akauliza: "Kasi hiyo inapimwa kutoka wapi?"

Tulidhani hajaelewa. Akafafanua. Ukisema sauti huenda mita 340 kwa sekunde, unamaanisha kwa kulinganisha na hewa. Ukisema pantoni inakwenda kwa kasi fulani, unamaanisha kwa kulinganisha na ufuko wa Kigamboni, maana kwa abiria aliyesimama ndani yake pantoni haiendi popote. Sasa milinganyo ya Maxwell imetoa kasi bila kutaja hewa, wala ufuko, wala mtazamaji. Ni kasi ya kulinganisha na nini?

Hilo ndilo swali lililowanyima usingizi wanafizikia wa mwisho wa karne ya 19. Wengi wao walijibu kwamba ulimwengu umejaa kitu kisichoonekana walichokiita etha, na kwamba mwanga husafiri ndani yake kama sauti ndani ya hewa. Mwaka 1887, mjini Cleveland, Marekani, Albert Michelson na Edward Morley waliweka vioo juu ya bamba zito la jiwe lililoelea juu ya zebaki, wakaugawa mwonzi wa mwanga katika njia mbili zilizokatana kwa pembe mraba, wakingoja kuona athari ya dunia kuipasua etha kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde inapolizunguka jua. Waligeuza bamba polepole na kusoma. Athari waliyoitarajia haikuonekana. Hendrik Lorentz wa Uholanzi alipata milinganyo iliyoweza kulieleza jambo hilo, na kwa haki jina lake limebaki juu ya milinganyo hiyo hadi leo, lakini aliendelea kuishikilia etha. Einstein aliiacha. Alikubali kwamba kasi ya mwanga ni ileile kwa kila mtazamaji anayekwenda kwa mwendo usiobadilika, kisha akakubali pia gharama yake: kwamba watazamaji wawili hawatakubaliana kuhusu urefu wa vitu wala kuhusu matukio yapi yametokea kwa wakati mmoja.

Mpaka hapo mambo yalikuwa yananiingia akilini, lakini bado niliona kuwa gharama hiyo hulipwa na walio kwenye roketi. Kilichonibadilisha ni waya.

Chukua waya wa shaba ulionyooka, unaopitisha mkondo. Ndani yake kuna ioni chanya, yaani atomi zilizopoteza elektroni, zilizokaa mahali pake, na kuna elektroni zinazosogea kuelekea upande mmoja. Chaji chanya na chaji hasi ni sawa kwa wingi, kwa hiyo nje ya waya hakuna uga wa umeme. Sasa weka elektroni moja nje, inayokwenda sambamba na waya, upande uleule na kwa kasi ileile ya elektroni za ndani. Mtu aliyekaa chumbani ataeleza hivi: mkondo umetengeneza uga wa sumaku kuuzunguka waya, elektroni inapita ndani ya uga huo, kwa hiyo inavutwa kuelekea kwenye waya. Maelezo mazuri. Lakini jipandishe juu ya hiyo elektroni ya nje. Wewe sasa umetulia, na uga wa sumaku hauna kani yoyote juu ya chaji iliyotulia. Hata hivyo unavutwa, kwa kuwa kuvutwa kwako kuelekea kwenye waya hakuwezi kuwa kweli kwa mtu wa chumbani na uongo kwako. Unavutwa na nini?

Ukiwa juu ya elektroni hiyo, zile elektroni za ndani ya waya nazo zimetulia, na zinazokwenda ni ioni, zikirudi nyuma zote kwa pamoja. Kitu kinachokwenda hufupika kwa upande wa mwendo wake, kwa hiyo safu ya ioni inaonekana imebanana kidogo zaidi, na safu ya elektroni, ambayo mtu wa chumbani aliiona ikiwa katika mwendo na imefupika, kwako imeachana kidogo zaidi. Chanya zimezidi hasi. Waya ambao chumbani hauna chaji, kwako una chaji chanya, nao unakuvuta kwa umeme wa kawaida kabisa, ule wa kalamu ya plastiki iliyosuguliwa kwenye nywele na kuokota vipande vya karatasi. Ile ambayo chumbani iliitwa nguvu ya sumaku, kwako ni nguvu ya umeme.

Nilikataa kuamini. Sikukataa mantiki, nilikataa ukubwa. Waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita mraba 1, ukipitisha ampea 1, elektroni zake zinasogea kwa kasi gani? Shaba ina elektroni huru takriban 8.5 × 10²⁸ katika kila mita ya ujazo, na ukigawa unapata milimita 0.07 kwa sekunde. Konokono anazipita. Elektroni moja inahitaji karibu saa 4 kusafiri mita moja ya waya, na taa huwaka mara moja ukibonyeza swichi kwa sababu ni uga unaokimbia kuufuata waya, wakati elektroni zimeshajaa humo tangu mwanzo kama maji ndani ya bomba lililojaa. Katika umeme wa majumbani, unaogeuka huku na huku mara 50 kwa sekunde, hazisafiri kabisa. Zinatikisika papo hapo kwa umbali usiofikia elfu moja ya milimita. Je, ni mwendo wa namna hiyo ndio utakaoleta kufupika kwa Einstein? Nilikokotoa kiasi cha kufupika huko: sehemu 3 × 10⁻²⁶. Mita moja ya waya inapungua kwa urefu ambao ni mdogo mara mabilioni mengi kuliko kiini cha atomi. Niliona haiwezekani kitu hicho kiwe ndicho kinachozungusha feni ya darini.

Nikarudi kwenye hesabu kutoka upande wa pili, upande wa wingi wa chaji. Hapo ndipo niliposhikwa. Mita moja ya waya huo ina elektroni huru zenye jumla ya kulombi (kipimo cha chaji) 13,600. Radi ya kawaida hushusha kulombi makumi machache tu. Tuseme nyaya mbili za aina hiyo ziko sambamba, umbali wa mita 1, na tuseme kwa muujiza fulani ioni zimeondolewa zikabaki elektroni peke yake: zingesukumana kwa kani ya nyutoni 3.3 × 10¹⁸ kwa kila mita, ambayo ni kama uzito wa tani trilioni 340. Nguvu hiyo ipo ndani ya kila waya ukutani. Hatuioni kwa sababu ioni zinaifuta, karibu yote. Nikaizidisha kwa ile sehemu ndogo mno inayobaki, yaani uwiano wa kasi ya elektroni na kasi ya mwanga, mara yenyewe, ambao ni 6.0 × 10⁻²⁶ (mara mbili ya kule kufupika, kwa kuwa ioni zimebanana na elektroni nazo zimeachana). Nikapata nyutoni 2.0 × 10⁻⁷.

Nililijua jibu hilo. Kila aliyesoma fizikia kabla ya mabadiliko ya vipimo vya kimataifa ya tarehe 20 Mei 2019 analijua, kwa kuwa ndilo lililokuwa fasili ya ampea: mkondo ambao, ukipita katika nyaya mbili zilizo sambamba kwa umbali wa mita 1, huleta kani ya nyutoni 2 × 10⁻⁷ kwa kila mita. Nilikuwa nimeliandika katika mtihani wa kidato cha sita nikiliona ni namba ya kukariri, na sasa lilikuwa limetoka kwenye konokono wa elektroni na kufupika kwa urefu kusikoweza kuonwa na darubini yoyote. Nilirudia hesabu mara tatu nikitafuta kosa. Halafu nikakaa tu, nikisikiliza feni ikizunguka juu ya kichwa changu.

Ni lazima niweke mpaka hapa, kwa kuwa nimewahi kulieleza jambo hili kwa wadogo zangu wa mwaka wa kwanza nikalizidisha. Si kweli kwamba sumaku haipo na umeme peke yake ndio upo. Kwa ule waya usio na chaji, hakuna mtazamaji yeyote, aende kwa kasi yoyote ile, atakayeuona uga wa sumaku umetoweka kabisa. Hata yule aliyepanda juu ya elektroni anaiona mikondo ya ioni, na mikondo hiyo ina uga wake wa sumaku, ila tu haumgusi kwa sababu ametulia. Usemi ulio sahihi ni kwamba uga ni mmoja, na mgawanyo wake katika sehemu ya umeme na sehemu ya sumaku unategemea anayeutazama, kama vile mgawanyo wa mbele na kando unavyotegemea mtu ameelekea wapi. Ndiyo maana majaribio yetu mawili ya galvanomita yalitoa jibu moja. Aliyesema uga wa umeme na aliyesema kani ya sumaku walikuwa wanakikata kitu kimoja kwa visu vilivyoelekezwa pande tofauti.

Kwa sababu hiyo hiyo nina shaka na jinsi neno uhusianifu linavyosikika mitaani, kana kwamba Einstein alithibitisha kuwa kila jambo linategemea mtu na mtazamo wake. Nadharia yenyewe inajali zaidi yale yasiyobadilika. Kasi ya mwanga haibadiliki. Chaji ya elektroni haibadiliki, iwe imetulia au inakimbia. Isingekuwa hivyo, kipande cha chuma kingepata chaji kila kinapopashwa moto, kwa kuwa elektroni zake huongeza mwendo kuliko viini vyake, na hakuna aliyewahi kupigwa shoti na sufuria kwa sababu hiyo. Hesabu yangu ya waya isingeweza hata kuanza bila uthabiti huo wa chaji. Kama ningepewa kozi ile niifundishe, ningewaacha pacha na roketi yao wasubiri, nianze na nyaya mbili mezani katika wiki ya pili, wakati wanafunzi bado wana nguvu ya kubishana.

Desemba niliyorudi nyumbani kwa likizo nilimkuta baba amenunua taa ya sola, na ile baiskeli imeegemezwa kwenye ghala la mahindi bila dainamo. Nilimkumbusha swali langu, naye alilikumbuka. Tulikaa nje baada ya chakula, nikachora waya mavumbini kwa kijiti, nikaweka kokoto kuwa ioni na punje za mahindi kuwa elektroni, nikazisogeza punje, kisha nikamwomba ajione yuko juu ya punje moja. Alisikiliza bila kunikatiza hadi mwisho. Akaokota punje moja, akaigeuzageuza kiganjani.

"Nimekuelewa habari ya waya," alisema. "Lakini ile sumaku ya dainamo uliyoitoa ndani, yenyewe haikuwa na waya. Humo kunatembea nini?"

Nilimweleza kile ninachokijua: kwamba kila elektroni ina sumaku yake ndogo ya kuzaliwa nayo, inayotokana na sifa iitwayo spini, na kwamba ndani ya chuma cha sumaku elektroni nyingi sana zimeelekea upande mmoja, lakini kuifikiria elektroni kama pia ya kuchezea inayozunguka hakuleti hesabu sahihi, na aliyeonyesha spini hiyo inavyojitokeza pale uhusianifu unapounganishwa na fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo mno, ni Paul Dirac, mwaka 1928. Baba akauliza inajitokezaje. Nikamwambia kwamba kozi hiyo tunaianza semista ijayo, na akaniambia nikirudi nimletee.